Wachagulie tovuti, lakini zisiwe zinazokubaliana

Habari za kazi, mwalimu mwenzangu wa Muheza. Umeuliza kama ni vyema uwachagulie wanafunzi wako wa kidato cha pili tovuti za kusoma watakapofanya kazi ya historia ya mkonge, au uwaache watafute wenyewe, kwa kuwa ulipowaacha mara ya kwanza walirudi na maandishi ambayo hata wao hawakuweza kuyaeleza. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Bagamoyo, na kazi za namna hii nimezisimamia kwa miaka saba. Jibu langu ni kwamba uwachagulie, ila usiwachagulie kurasa zinazosema jambo moja.

Mwaka wa kwanza nami niliwaacha huru. Tulikuwa na kompyuta 12 zinazowaka na wanafunzi 46, katika vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Walioandika jina la mji wetu katika Google waliletewa matangazo ya hoteli za ufukweni, na nusu ya muda ikaishia katika kufungua na kufunga kurasa hadi bando likaisha. Mwaka uliofuata nikawaandalia tovuti tano nzuri, zilizoandikwa kwa uangalifu, nikaamini kwamba nimemaliza tatizo. Nilipokusanya madaftari nilikuta majibu 46 yenye aya zilezile kwa mpangilio uleule. Nikawagombeza kwa kudesa, na hadi leo ninajutia kugomba kule, kwa sababu nilipolisoma tena swali langu, lililosema "Eleza historia ya Bagamoyo", niliona kuwa ukurasa wa kwanza katika orodha yangu ulikuwa umelijibu lote. Mtoto angefanya nini kingine zaidi ya kunakili?

Baadaye ndipo nilipojifunza kuhusu utaratibu unaoitwa WebQuest, ambao Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego nchini Marekani aliubuni mwaka 1995 akishirikiana na Tom March. Wengi wetu tukiusikia tunashika sehemu moja tu, kwamba mwalimu huandaa viungo. Lakini orodha ya viungo ni sehemu ndogo ya utaratibu huo. Kiini chake ni kazi anayopewa mwanafunzi, ambayo haiwezi kukamilika kwa kuhamisha maneno kutoka kwenye kioo cha kompyuta hadi kwenye daftari. Kazi hiyo humtaka apime, alinganishe, kisha aamue.

Kwa hiyo nikabadilisha swali: jina Bagamoyo lilitoka wapi, na kwa nini unaamini hivyo? Niliwapa kurasa nne. Mbili zilisema kwamba watumwa waliofikishwa pwani ndio waliobwaga mioyo yao hapa, wakikata tamaa ya kurudi kwao. Mbili nyingine zilisema kwamba ni wapagazi, ambao baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,200 kutoka Ujiji wakiwa na pembe za ndovu mabegani, walitua mizigo na mioyo ikatulia. Darasa halikunyamaza siku ile. Wapo waliosema kuwa neno kubwaga ni la mzigo, hivyo wapagazi wana haki nalo zaidi. Wenzao wakajibu kwamba anayekata tamaa naye hubwaga, na kwamba sarufi peke yake haiwezi kuamua. Binti mmoja aliyekuwa kimya mwaka mzima aliinua mkono akasema kwamba kurasa mbili za watumwa zina sentensi tatu zinazofanana neno kwa neno, hata kosa la tahajia ni lilelile, kwa hiyo moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine na hatuwezi kuzihesabu kama mashahidi wawili. Sikuwa nimeliona hilo, ingawa kurasa nilizichagua mimi. Tangu hapo, kabla ya swali jingine lolote, wanafunzi wangu huuliza kama ukurasa unataja umezipata wapi habari zake.

Niliwaongezea sharti la kumuuliza mzee mmoja wa mtaani kwao, na jibu lake likaandikwa pamoja na kurasa, likapimwa kwa mizani ileile. Katika mji wenye historia kama wetu ni hasara kubwa kumfundisha mtoto kwamba ukweli unakaa kwenye mtandao peke yake.

Swali la pili lililonifaa ni la mapambano ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ya 1888 na 1889. Maandishi yaliyofuata mtazamo wa Wajerumani huyaita uasi wa Waarabu, ilhali vitabu vyetu vya shule humweka Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, miongoni mwa waliopinga ukoloni. Mwanafunzi akisoma kurasa mbili za aina hiyo kwa pamoja, anatambua bila kuhubiriwa kwamba anayelipa tukio jina amekwisha kuchukua upande.

Kuhusu maandalizi, jambo kubwa ni kuusoma kila ukurasa mpaka chini kabisa, na kuufungua tena wiki ileile ya kipindi. Mwaka mmoja niliteua ukurasa mwezi Januari, na darasa lilipoufungua mwezi Aprili ulikuwa umejaa matangazo ya michezo ya kubahatisha, mbele ya watoto wa miaka 14. Siku hizi ninahifadhi nakala za kurasa kwenye flashi na kuziweka katika kila kompyuta, jambo linalotuokoa pia mtandao unapokatika. Kurasa tatu au nne zinatosha kwa dakika 80.

Lugha inahitaji uangalifu wa pekee. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na kurasa nyingi ni za Kiingereza kigumu. Mtoto asiyeelewa atanakili hata kama swali ni zuri namna gani. Mimi huhakikisha kwamba ukurasa mmoja angalau ni wa Kiswahili, na ndio unaosomwa kwanza, kisha ninawaruhusu kubishana kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Wapo wanaoniona ninakiuka utaratibu. Ninachokiona mimi ni kwamba insha zinazotoka katika mabishano hayo zina hoja, na zile za kimyakimya hazina.

Usiogope kwamba ukiwachagulia watabaki tegemezi. Wakifika kidato cha tatu ninawapa kurasa mbili na kuwataka watafute ya tatu inayozipinga, wakiandika ni nani aliyeiandika, lini na kwa nini tumwamini. Wengi huweza, kwa kuwa wameshaona mwaka mzima jinsi kurasa zinavyopimwa.

Sasa turudi kwenye mkonge wako. Usiulize "Eleza historia ya mkonge Tanga." Uliza: ni nani aliyeujenga utajiri wa mkonge? Upande mmoja weka ukurasa unaomsimulia Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893 kupitia Hamburg, ikasalia hai 62 tu iliyopandwa karibu na Pangani, na unaoonyesha jinsi zao lilivyokua hadi kupita tani 230,000 mwaka 1964. Upande wa pili tafuta ukurasa unaoeleza manamba, wale vibarua waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge, jinsi walivyoajiriwa na walivyoishi kambini. Huko Muheza hutakosa wanafunzi ambao babu zao walikuja kwa njia hiyo, basi wawaulize nyumbani kabla ya kipindi. Ukishapata kurasa zako, ziweke hapa na swali lako chini yake. Nitazisoma zote mpaka mwisho na kukueleza kama zinapingana vya kutosha.