Raleigh ya babu: breki kwanza, gia baadaye, rangi mwisho kabisa

Mkuu, umesema baiskeli aina ya Raleigh ya marehemu babu yako, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge, imelala stoo miaka mingi. Unataka kuipiga rangi mpya, kuifunga gia saba na breki za diski, halafu uiendeshe huko kwenu Lushoto. Naona wadau wameshaanza kukutajia rangi. Mimi naupindua mpangilio wako wote, maana ya kwangu niliianza kwa rangi hivyohivyo na nikajuta.

Niliinunua kwa mzee mmoja hapa Tanga, imeegemea mwembe, tairi zimeoza hadi nyuzi zinaning'inia. Nikaiingiza kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba ninachokiita gereji (mama watoto anakiita jalala). Siku ya kwanza tu, kwa uroho wa kuiona inameta, nikashika msasa namba 80 nikaanza na madigadi ya nyuma. Dakika haikuisha, ule mstari mwembamba wa dhahabu ulikuwa umekwenda na vumbi. Kumbe rangi nyeusi chini ya uchafu ilikuwa nzima kabisa! Niligundua nilipofika madigadi ya mbele, nikasugua kwa kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo, kisha nikapaka nta ya magari. Hadi leo baiskeli yangu ina madigadi mbili zisizofanana, na kila mgeni lazima aulize. Kwenye kromu hata msasa wa maji usiguse: chukua karatasi ya foili ya jikoni, ichovye kwenye maji, sugua. Kutu inatoka, kromu inabaki.

Sasa kazi yenyewe. Anza na kotapini, zile pini mbili zinazoshika mikono ya pedeli kwenye ekseli, maana ndizo zitakazokuambia kama una kazi ya wiki au ya miezi. Pini iliyokaa miaka hamsini kwenye hewa ya chumvi inashikana na chuma utadhani walizaliwa pamoja. Fundi mwenye haraka atailaza baiskeli chini na kupiga nyundo mpaka pini ipinde, na kila pigo linaingia kwenye gololi na bakuli zake, yaani vikombe vya chuma zinamozunguka. Usikubali. Mwagia dizeli jioni, iache ilale, rudia siku tatu. Legeza nati lakini usiitoe yote, iache ishike ncha ya pini ili nyuzi, ile mistari ya skrubu, zisifumuke. Kata kipande cha bomba la maji, kisimamishe wima kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedeli, kichwa cha pini kikiwa ndani ya tundu la bomba. Hapo pigo linashukia sakafuni, gololi zinasalimika. Nyundo nzito, pigo moja la kiume. Ya kulia ilitoka kwa pigo la pili, na nilijua imetoka kabla ya kuangalia, kwa sababu mlio ulibadilika kutoka "ting" kuwa "tup". Ya kushoto ilinisumbua siku nne, mwishowe nikaitoboa kwa drili.

Ukienda kununua nyingine, nenda na pini ya zamani mfukoni. Ya Raleigh ina unene wa milimita 9.5, na dukani zipo pia za 9 ambazo zitacheza. Zifunge moja ikitazama juu na nyingine chini, la sivyo pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja. Ukishaendesha kilomita ishirini hivi, kaza tena.

Jambo jingine linalowaumiza watu ni nyuzi za skrubu kwenye bakuli na fremu. Raleigh walikuwa wakikata za kwao, 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingine za Kiingereza ni 24. Bakuli la baiskeli nyingine litaingia raundi mbili bila shida, wewe ufurahi, raundi ya tatu likaze, uongeze nguvu, fremu iharibike. Kwa hiyo bakuli za kwenye ekseli ya pedeli na za kwenye shingo ya usukani usizitupe hata kama zina vidonda. Badilisha gololi tu, jaza grisi, mambo yataenda. Na bakuli la upande wa mnyororo linafunguka kinyume, kama pedeli ya kushoto. Mimi nililikaza kwa saa nzima nikidhani nalifungua.

Haya, breki. Breki zako za asili, zile za fito za chuma, zinavuta mipira kwenda juu, inabana upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama habu, kitovu cha gurudumu. Kwa hapa Tanga mjini, tambarare, zinatosha. Lakini wewe utashuka kutoka Soni kwenda Mombo! Ringi ya chuma ikilowa, mpira unateleza kama sabuni. Mvua ikukute kwenye zile kona na breki hizo, tutakuja kwenye arobaini yako.

Hata hivyo diski siyo jibu. Lazima uchomelee kishikio kwenye uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na uma ule haukuumbwa kupokea nguvu yote ya breki kwenye mguu mmoja, tena chini kabisa kwenye ncha. Nami nina kidonda na kuchomelea: nilimpa fundi mmoja wa mageti anibandikie kishikio cha stendi kwenye bomba la nyuma, akapiga kwa umeme, bomba likatoboka kama karatasi. Fremu hizi ni mabomba membamba yaliyoungwa kwa shaba. Ilibidi nitafute mzee wa gesi aliyezibia kwa shaba, na kovu lipo. Tangu hapo sheria ya gereji yangu ni moja: kila ninachoongeza kifungwe kwa boliti, ili siku nikitaka kukitoa kitoke.

Ninachokushauri ni habu ya mbele yenye breki ya dramu, ile inayobana kwa ndani, haijali mvua. Ya kwangu niliipata kwenye baiskeli za mitumba zinazoshushwa Dar es Salaam. Hesabu matundu ya spoku kabla ya kutoa hela: ringi ya mbele ya Raleigh huwa na matundu 32 na ya nyuma 40, ukiuziwa habu ya 36 imekula kwako. Ukipata ya 32 unaisuka kwenye ringi yako ileile, na kwa mbali mtu haoni kilichobadilika. Uma wa zamani ni mwembamba kuliko habu za leo zenye upana wa milimita 100, ila ni chuma, unapanuka taratibu ukiwa na subira. Mkono wa kuzuia dramu isizunguke unafungwa kwenye uma kwa klipu na boliti. Nyuma acha fito zako. Tairi lisikutishe: 28 kwa 1½ ni saizi ileile ya baiskeli za Kihindi tunazobebea mkaa, kwa hiyo tairi, mipira ya breki na hata fito zenyewe zinapatikana. Hapo sisi tuna bahati.

Gia. Kabla hujafikiria saba, futa uchafu kwenye habu ya nyuma. Ukikuta limeandikwa Sturmey-Archer AW na namba pembeni, una gia tatu tayari ndani ya habu, na namba hizo ni mwaka na mwezi habu ilipotengenezwa. Yangu inasema 59 8, yaani Agosti 1959. Kuna kitundu cha mafuta: weka kijiko cha chai cha oili ya injini, zungusha, subiri siku moja. Usijaze grisi, kucha ndogo za ndani zitanasa na gia hazitashika. Kisha weka gia ya pili, chungulia kwenye kidirisha cha nati ya kulia: kile kifito kinachoungana na kicheni cha waya wa gia kiwe sawa na mwisho wa ekseli. Kisipokuwa sawa, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali pasiposhika kitu; ukiwa umesimama kwenye pedeli mguu unazama ghafla na bomba la juu linakusubiri. Wanaume wenzangu mnanielewa.

Kwa milima ya kwenu, badilisha sproketi ya nyuma tu, ile duara ya meno inayovutwa na mnyororo. Yangu ilikuwa na meno 18 na mbele 48. Nikaweka ya meno 22, inashikwa na ringi ya waya inayotolewa kwa bisibisi. Kwenye gia ya kwanza, pedeli ikizunguka mara moja tairi lilikuwa linazunguka mara 2. Sasa ni 1.6. Ongeza pingili mbili za mnyororo. Gia saba zingekulazimisha upanue fremu nyuma na kutafuta pa kuning'iniza kibadilishio, na bado ungepanda Soni unahema.

Baada ya hapo jipambie utakavyo. Mimi nilimpa fundi viatu kiti akakishona ngozi upya, taa ya zamani nikaitia balbu ya LED na betri ndani ya kopo lake lilelile, na juu ya keria nikaweka mbao ya mninga.

Usinunue kitu bado. Safisha habu, piga picha hizo namba, hesabu meno ya mbele na ya nyuma, uviweke hapa. Na uniambie kotapini zimetokaje.