Mkaa Mkavu Uliniumbua Shambani

Juzi msomaji wa Igunga, aliyeweka mkaa shambani ili kurutubisha udongo, alinitumia picha ya mahindi yaliyopauka, na ujumbe: "Kaka, mkaa wako umeniharibia shamba." Mkaa wangu! Nilikasirika, kisha nikaitazama picha tena. Lilikuwa kama shamba langu la msimu wa kwanza.

Niko huku Sikonge, Tabora, udongo wa kichanga uliochoshwa na tumbaku. Ukiweka mbolea, mvua kubwa mbili tatu zinaishusha mizizi isikofika. Nilikuwa nimesoma habari za udongo mweusi wa bonde la Amazon, Brazil, ambao wenyeji wa kale waliujenga kwa mkaa, mifupa, vigae na taka za jikoni, na hadi leo una rutuba kuliko udongo wa jirani yake. Nikashika neno mkaa tu, mifupa na taka nikaziruka. Nikazoa viroba 12 vya chenga za mkaa kwenye matanuri ya zamani, nikazimwaga kavu, nikapanda.

Mahindi yalifika magotini yakagoma. Shemeji akawa anapita na baiskeli, anauliza, "Shemeji, gunia unauza shilingi ngapi?" Kijiwe kizima kilicheka. Inaniuma hadi leo, nisiwadanganye.

Mkaa hauna chakula cha kutosha kwa mmea. Una vitundu vingi mno, na ukiingia ardhini mtupu unajishibisha wenyewe kwanza: naitrojeni, chakula cha mahindi, inanaswa humo.

Msimu wa pili nilizitwanga chenga, nikazichanganya shimoni na samadi na mkojo wa ng'ombe, nikafunika kwa majani majuma manne. Kisha kopo moja kila shimo la kupandia, basi. Jua la Februari lilipochoma, mahindi ya jirani yalijikunja majani, yangu yakasimama. Shemeji alikuja kuomba kiroba. Nilimpa, ila kwanza nilimtajia bei ya gunia.

Sasa wewe wa Igunga, nilipokuuliza udongo ukasema ni wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi mzito. Udongo huo wenyewe unashika maji na virutubisho, na mara nyingi hauna tindikali. Mkaa hupunguza tindikali. Kwako upunguze nini? Binamu yangu aliyeko Uholanzi aliuweka bustanini, hakuona tofauti. Udongo wa kule kwenye baridi haujachujwa na mvua kama wetu. Mkaa hulipa zaidi nchi za joto, penye ardhi iliyochoka.

Na vijana, kukata miti ya miombo ili kurutubisha shamba ni upumbavu. Choma magunzi na pumba za mpunga, zima kwa maji kabla havijawa majivu. Halafu loweka kwa samadi na mkojo wa ng'ombe. Nasema tena, loweka! Watu mnapenda njia ya mkato, kisha mnatafuta wa kumlaumu.

Ndugu wa Igunga, mkaa ulioweka usiufukue, ulishe hapo hapo. Changanya mkojo wa ng'ombe sehemu moja na maji sehemu tatu, mwagia pembeni mwa mashina jioni, na baada ya majuma mawili nitumie picha nyingine.