Jibu: Ugomvi wa systemd unatoka wapi?
Kaka, umeuliza kwa nini watu wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, wagombane miaka yote hii kwa jambo la kuwasha mashine tu. Init ya zamani, programu ya kwanza kuamka mashine inapowaka, iliendesha skripti (faili za amri) za kuwasha huduma moja baada ya nyingine, foleni kama ya kivuko cha Pangani. Systemd, mbadala wake, ya Lennart Poettering na Kay Sievers, 2010, huwasha huduma nyingi kwa pamoja. Hapo sina neno. Tatizo ni kwamba haikuishia kuwasha: ikashika kumbukumbu za matukio ya mfumo, kuingia kwa watumiaji, hata mtandao. Debian, moja ya matoleo makubwa ya Linux, ilipoichagua 2014, waliokasirika wakajitenga na toleo lao, Devuan.

Mimi hapa Ngamiani, umeme ukirudi, nataka kompyuta za stesheneri ziwake upesi, basi. Ila diski ilipoharibika, zile kumbukumbu za bainari, zisizosomeka kama maandishi ya kawaida, zilinitoa jasho! Kompyuta yako ikichelewa kuwaka, andika systemd-analyze blame uone huduma ipi inachukua muda mwingi.