Kuhariri masomo ya muziki mtandaoni: yaliyotukuta sisi Nairobi

Ndugu aliyeanzisha uzi huu anauliza: yeye na wenzake wanafungua tovuti ya kufundisha muziki kwa Kiswahili, waandishi ni wa kujitolea, je, makala ipite wapi kabla ya kuchapishwa? Nimehariri tovuti ndogo ya namna hiyo miaka minne, huku nikifundisha gitaa jioni hapa Umoja na kwaya kila Jumamosi. Nitajibu kwa yaliyotupata.

Sharti letu kubwa ni moja, na lilizaliwa siku uzi ulipokatika. Uzi wa gitaa, siyo huu.

Mwandishi wetu mmoja, mpigaji mzuri wa kanisani, alituletea somo la kutuni gitaa, yaani kukaza na kulegeza nyuzi mpaka kila mmoja utoe sauti yake. Kwa mazoea ya kwao uzi wa kwanza ni ule mnene wa juu, kwa kuwa ndio mkono unaoanza kuukuta. Vitabu huhesabu kinyume: wa kwanza ni ule mwembamba wa chini. Basi akaandika: wa kwanza E, wa pili A, wa tatu D, wa nne G, wa tano B, wa sita E. Nikasoma, nikasahihisha koma mbili na "h" moja iliyopotea, nikachapisha. Herufi zote sita zilikuwa za kweli, zilikuwa tu zimepinduliwa. Wiki haikuisha kijana wa Kayole akanipigia simu. Yeye alijua kuhesabu kwa njia ya vitabu, akafuata ukurasa wetu, akawa anaukaza uzi wake wa tatu kutoka G kuelekea D ya juu. Hizo ni nusutoni saba, yaani vidato saba vya shingo ya gitaa. Ulikatika ukamchapa kidole, na gitaa lenyewe lilikuwa la kuazima.

Tangu hapo somo halichapishwi mpaka mtu mwingine, asiye mwandishi, akae na ala mkononi afuate kila hatua kama ilivyoandikwa, na mwandishi awe kimya. Namaanisha kimya kweli, maana waandishi hawakosi "hapo nilitaka kusema…", na kijana wa Kayole hana wa kumweleza mwandishi alitaka kusema nini. Anayejaribu awe wa kiwango kile kile ambacho somo linamlenga. Ukimpa fundi somo la wanaoanza, vidole vyake vitaruka makosa bila yeye mwenyewe kujua. Mimi humtumia jirani yangu kinyozi, ambaye ana gitaa na hana haraka asubuhi. Sarufi na tahajia nazihariri baada ya hapo, si kabla. Tulikuwa tukifanya kinyume, na ndiyo maana makala zetu za mwanzo zilisomeka vizuri huku zikikata nyuzi za watu.

La pili ni istilahi, na hapa msidharau. "Kodi" za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zilituchekesha: kichwa kimoja kilisema "Jifunze kodi tatu tu uweze kuishi", na msomaji akauliza kama tunatoka KRA, wale wakusanyaji wa ushuru. Tumelibakiza neno, ila kichwani huandikwa "kodi za gitaa" kila mara. "Ufunguo" ulikuwa balaa zaidi, kwa sababu mmoja aliutumia kwa alama ya mwanzo wa mistari mitano na mwingine kwa noti ambayo wimbo umekaa, G au C. Sasa ufunguo ni ule wa wimbo, na ile alama ni klefu. Sisemi mchague kama sisi. Chagueni tu, muandike orodha, na mhariri aishike.

Kisha kuna "do". Sisi wa kwaya tumelelewa na solfa, ile ya do, re, mi, mfumo ambao mchungaji Mwingereza John Curwen aliueneza karne ya 19, na do yetu inahama: wimbo ukiwa G, do ni G. Mpiga solo mmoja kutoka Kongo, anayeishi hapa mjini, akatupa somo tamu la sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huchangamka watu wacheze. Kule wanafuata mtindo wa Kifaransa, do ni C na haiendi popote. Hakuwa na kosa hata moja. Wanakwaya wangu walilicheza wakiwa G na wakapata vurugu tupu. Siku hizi kila somo linaanza na mstari unaosema do inahama au imekaa. Na mkiandika solfa kwa maandishi ya kawaida, jihadharini: nukta mbili ndiyo hutenganisha mapigo, kwa hiyo kabla ya "d" huwa iko hapo mara nyingi, na programu yetu ya kuandikia iligeuza kila ":d" kuwa kikatuni kinachocheka. Wimbo wa mazishi ulitoka umejaa vicheko. Solfa tunaiweka kama picha sasa, na maandishi chini yake.

Ala za kwetu ndizo zinazohitaji mkono mzito, kwa sababu watu hudhani kila mmoja anazijua. Tuliletewa makala ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, yenye Kiswahili safi kuliko changu. Ilisema ina nyuzi sita na hupigwa mtu amesimama, na picha ilikuwa ya obokano ya Wakisii, ambayo ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito zaidi. Nikaichapa karatasini nikampelekea jathum, yaani mpiga nyatiti, mmoja mzee pale Kaloleni. Akasoma, akavua miwani. "Kijana wangu, huyu hajawahi kukalia orindi." Akaichukua nyatiti yake, akakaa kwenye orindi, kile kigoda kifupi, akanihesabia nyuzi nane, nne kwa nne. Akanionyesha oduong'o, pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga fremu, na gara, njuga za mguuni. Nyuzi zake ni za nailoni, zile za kuvulia samaki. Makala ilikuwa imetaja mishipa ya ng'ombe kana kwamba ndivyo ilivyo leo.

Sentensi nyingine ilisema wanawake hawapigi nyatiti. Hiyo niliibakiza nikaipa wakati wake: mila ilikuwa hivyo, lakini leo yupo Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, aliyekuja kujifunza huku na sasa anaipiga jukwaani. Neno "jadi" bila wakati huwa linaficha uvivu wa mwandishi.

Haki za watunzi nitapita haraka, ingawa ndizo zinazoleta barua za mawakili. Kenya, kazi ya muziki inalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwandishi wetu aliweka maneno yote ya "Malaika" akisema ni wimbo wa zamani wa watu wote. Fadhili William, aliyeurekodi na kudai utunzi, alifariki 2001, hesabu mwenyewe. Tena utunzi wenyewe una ubishi, kwani Mtanzania Adam Salim naye ametajwa kuwa ndiye aliyeutunga, kwa hiyo tukiutaja tunaandika kwamba una ubishi, hatumpi mmoja taji. Na "wimbo wa asili" si wimbo usio na mwenyewe: tuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Tunataja jamii, aliyetuimbia na mahali, na tunamwomba ruhusa kabla ya kurekodi, siyo baada.

Kosa likipatikana msilifute kimyakimya. Tunaandika tarehe na kilichobadilika juu ya ukurasa, kwa sababu wapo walioshauhifadhi ule wa zamani kwenye simu. Duka likikupa nyuzi za bure, sema hivyo ndani ya somo. Video ziwe fupi, bando si maji.

Makala ya nyatiti tuliiandika upya na nikamsomea mzee kwa simu, aya kwa aya. Tulipofika kwenye kutuni akanikatiza: nimeweka noti za piano, na yeye huituni kwa sauti yake ya siku hiyo, akiwa na mafua inashuka. Akasema nisubiri arudi kutoka Siaya anionyeshe. Aya hiyo ina alama ya "haijajaribiwa" kwa miezi mitatu sasa.