Maswali ya Wasomaji: Jua Lililohama, Mbegu Zilizolala

Wasomaji wanne wametuandikia kuhusu jambo moja, yaani kukuza mboga nyumbani kwenye ndoo na magunia pasipo shamba, na kwa kuwa barua zao zinakamilishana nimeona heri kuzijibu pamoja. Nimezifupisha bila kubadilisha maana.

Swali: Ninaishi ghorofa ya pili katika mtaa wa Section 58, Nakuru. Mwezi Aprili, mvua ilipokolea, nilitafuta ndoo nne za lita 20, nikazitoboa chini, nikatandaza kokoto kama alivyonielekeza jirani, nikajaza udongo mwekundu uliochimbwa kwenye msingi wa nyumba inayojengwa karibu nasi, kisha nikapanda miche mitatu ya sukuma wiki katika kila ndoo. Ninamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Sasa ni Julai na miche imerefuka kwa shina jembamba, majani ya chini yamegeuka manjano. Jirani wa upande wa pili wa jengo anachuma kila wiki, ilhali miche tulinunua kwa mtu mmoja. Roshani yangu inaelekea kusini, yake kaskazini. Je, niliuziwa miche mibovu? Tena mpangaji wa chini analalamika kwamba ninamdondoshea maji. — *Mama Wawili, Nakuru*

Jibu: Mama Wawili, miche haina kosa. Mche unaorefuka kwa shina jembamba unatafuta mwanga, nawe umekwisha kutueleza mwanga ulikokwenda uliposema kwamba jirani yako anatazama kaskazini.

Nakuru iko kusini ya ikweta kwa kiasi cha theluthi moja tu ya digrii, kwa hiyo jua letu halikai upande mmoja wa nyumba mwaka mzima. Tangu karibu tarehe 21 Machi hadi karibu tarehe 23 Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi sita inayobaki huwa upande wa kusini. Ulipopanda Aprili jua lilikuwa limekwisha kukupa kisogo, na mwezi Juni, lilipofika mwisho wa safari yake ya kaskazini, jengo zima lilisimama kati yake na ndoo zako. Ushauri unaorudiwa kila mahali kwamba bustani ya nyumbani ielekee kusini ni sahihi kwa mtu wa London, ambako jua la adhuhuri huwa kusini siku zote, lakini akiufuata mtu wa Nakuru atapata hasara kila nusu mwaka. Roshani inayotazama mashariki au magharibi haina taabu hiyo, kwa kuwa hupata jua la nusu siku Januari hadi Desemba.

Sukuma wiki huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi. Ukimwomba mwenye nyumba akuruhusu kuziweka ndoo mbili juu ya paa la saruji, karibu na kamba za kuanikia nguo, utakuwa umemaliza nusu ya tatizo. Akikataa, panda sasa mboga zinazovumilia kivuli, kama vile dhania, spinachi na vitunguu vya majani, ambazo huridhika na saa tatu au nne, kisha andaa miche ya sukuma wiki ili uihamishie ndooni mwishoni mwa Septemba, jua linapoanza kukurudia.

Nusu ya pili ya tatizo iko ndani ya ndoo. Udongo unaochimbwa kwenye msingi hutoka chini sana, mahali ambapo hapana mizizi iliyokufa wala majani yaliyooza. Ni mwekundu na unapendeza kwa macho, lakini hauna chakula na hushikamana kama tofali ukikauka. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu wa shamba, debe moja la samadi iliyooza kabisa, na debe moja la mchanga wa mto. Ninyi wa Bonde la Ufa mna bahati ya kupata pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu. Likipondwa hadi kufikia ukubwa wa punje za mahindi huushinda mchanga, kwa sababu hupitisha maji bila kuiongezea ndoo uzito.

Kuhusu kokoto, najua nitabishana na wengi, kwa sababu hata mimi nilizitandaza kwa miaka mingi kabla ya kuelewa. Maji hayatoki kwenye udongo laini na kuingia katika kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo tabaka la kokoto halikaushi mizizi. Linachofanya ni kuipandisha juu sehemu iliyolowa na kukupunguzia nafasi ya udongo. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ilaze bapa mpaka iache kudondosha, halafu isimamishe wima, nawe utaona maji mengine yakitoka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa chombo: kadiri udongo unavyosimama kwa kina kirefu zaidi, ndivyo sehemu ya juu, yenye mizizi mingi, inavyopata hewa. Funika matundu kwa kipande cha wavu wa mbu uliochakaa ili udongo usitoroke, kisha jaza udongo mpaka juu.

Kumwagilia mara mbili kwa siku katika baridi ya Julai ya Nakuru ni kuizamisha mimea, hasa mimea isiyo na jua la kuyakausha maji hayo. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ahirisha mpaka kesho. Maji hayo mengi pia ndiyo yaliyoondoka na naitrojeni kupitia matundu, na mmea uliokosa naitrojeni huinyang’anya majani ya chini ili kuyalisha ya juu, ndiyo maana manjano yalianzia chini. Punguza miche ibaki mmoja katika kila ndoo, au miwili ukiwa na samadi ya kutosha, na kila baada ya wiki tatu ongeza konzi mbili za samadi iliyooza juu ya udongo. Unapochuma, anza na majani ya chini na uache manne au matano ya juu.

Mpangaji wa chini ana haki yake. Weka sinia chini ya kila ndoo, na uzipange ndoo ukutani badala ya ukingoni, kwa maana ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hukaribia kilo 30. Ikiwa maji mnayotumia ni ya kisima kirefu na unaona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Mvua inaponyesha, toa ndoo nje zioshwe au kinga maji ya paa uzimwagilie hayo.

Swali: Nimestaafu na ninaishi Manyatta, Kisumu. Nilitengeneza bustani ya gunia moja na kupanda saga kwa mbegu alizoniletea dada yangu kutoka Siaya, mbegu mpya kabisa alizovuna wiki ile ile. Wiki tatu zimepita na hakuna hata moja iliyoota. Mke wangu naye anataka gunia liondolewe kwa kuhofia mbu. Niseme nini? — *Mwalimu Mstaafu, Kisumu*

Jibu: Mwalimu, upya wa mbegu hizo ndio uliokuangusha. Mbegu ya saga, ambayo wengine huiita mgagani, hulala baada ya kuvunwa, na usingizi wake huchukua miezi mitatu au zaidi kabla haijakubali kuota vizuri. Mwombe dada yako zile za msimu uliopita, au uzihifadhi hizo mpya mahali pakavu, ndani ya karatasi wala si nailoni, mpaka miezi hiyo ipite. Mrenda una tabia tofauti: mbegu yake imefungwa na ganda gumu, nayo huamka ukiifunga katika kitambaa na kuichovya kwa sekunde kumi tu ndani ya maji yaliyotoka kuchemka, kisha kuipoza mara moja.

Saga pia haipendi kuhamishwa, kwa kuwa mzizi wake mkuu huchimba chini mapema na ukikatika mmea hudumaa. Ipande moja kwa moja juu ya gunia, ukizifunika mbegu kwa udongo wa unene wa sentimita moja, na yale matundu ya ubavuni uyaachie miche ya sukuma wiki na managu. Joto la Kisumu huifaa saga kuliko baridi ya Nakuru, ila ukiiacha ipate kiu hukimbilia kutoa maua. Yakate maua hayo kila yanapochomoza, nayo itaendelea kutoa majani.

Hukutueleza jinsi ulivyolijaza gunia, na hapo ndipo wengi hukosea. Udongo mweusi wa nyanda za Kano usiutumie peke yake, kwa kuwa huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake huikata mizizi. Uchanganye na samadi pamoja na maganda ya mpunga, ambayo kwenye vinu vya Ahero hurundikana mpaka kuwa kero. Katikati ya gunia simamisha mkebe uliotolewa kitako na kifuniko, ujaze mawe, uuzungushie udongo, kisha uuvute juu na kuujaza mawe tena, hatua kwa hatua, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki imesimama katikati. Hapa sijipingi na yale niliyomwambia Mama Wawili: mawe yanayotandazwa chini ya ndoo hayafanyi kazi yoyote, lakini nguzo hii ni njia ya kuyafikisha maji katika udongo wa chini, ambao vinginevyo hubaki mkavu huku wa juu ukitota. Matundu ya ubavuni yaachane kwa sentimita 15 hadi 20 na yasipangwe moja kwa moja juu ya jingine. Chagua mahali pa kudumu kabla ya kujaza, kwa sababu gunia kubwa likishajaa huzidi kilo 100, wala usishangae likianza kuchanika baada ya mwaka mmoja hivi, kwani jua huila nailoni hiyo.

Mke wako ana hoja ya kusikilizwa, hasa katika eneo la ziwa ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Hata hivyo gunia lenyewe halizalishi mbu, kwa kuwa mbu hutaga katika maji yaliyosimama, si katika udongo wenye unyevu. Hatari iko katika sinia, ndoo ya kumwagilia iliyoachwa wazi na pipa la maji ya mvua lisilo na mfuniko. Kwa joto lenu yai huweza kuwa mbu arukaye ndani ya siku kumi au pungufu, basi mwaga maji ya sinia kila baada ya siku tatu na ufunike pipa kwa wavu. Ukifanya kazi hiyo mwenyewe, bila kumwachia yeye, huenda gunia lisiondolewe.

Swali: Mimi ni mwanafunzi ninayepanga chumba karibu na Lurambi, Kakamega. Sina ng’ombe wala kuku, na samadi ya kununua ni ghali kwangu. Nitailisha nini managu yangu? Pia vijidudu vyeusi vimejaa chini ya majani. — *Binti wa Lurambi*

Jibu: Binti yangu, mbolea unaipita kila siku kando ya barabara. Alizeti pori, ile iitwayo tithonia, yenye maua ya manjano kwenye nyua nyingi za Kakamega na Vihiga, ina naitrojeni kiasi cha asilimia 3.5 katika majani makavu, pamoja na potasiamu nyingi. Omba ruhusa kwa mwenye ua, kata majani na vikonyo laini, ujaze nusu ya ndoo, ongeza maji, funika, na ukoroge kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki mbili, chuja kikombe kimoja, ukichanganye na vikombe viwili au vitatu vya maji, umwagie udongo bila kugusa majani. Harufu yake ni mbaya kupita kiasi, kwa hiyo usiiweke karibu na dirisha la mwenzako. Vumbi bichi la mbao, ambalo mafundi seremala hulitoa bure, usilichanganye na udongo, kwa sababu linapooza huifyonza naitrojeni ile ile unayoitafuta. Litandaze juu tu kuzuia ukavu.

Hao wadudu ni vidukari. Koroga kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, upulizie chini ya majani wakati wa jioni, urudie baada ya siku nne, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Wakiwa wachache, vidole vinatosha.

Swali: Je, mitungi iliyokuwa na dawa ya kuua magugu inaweza kupandiwa mboga ikioshwa kwa maji ya moto? — *Mkulima, Bungoma*

Jibu: Hapana, hata ukiiosha mara kumi, kwa kuwa plastiki hunyonya sehemu ya dawa na kuitoa polepole. Isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyamwage ndani ya bomba lako la kupulizia ili yaishie shambani pamoja na dawa, kisha uitoboe toboe ili asije mtu mwingine akaiokota na kuichotea maji ya kunywa. Kwa mboga zako tafuta mitungi ya mafuta ya kupikia. Wenye vibanda vya chipsi huwa nayo mingi, na ukiwahi asubuhi kabla ya wauza vyuma chakavu utaipata kwa bei ndogo.