Kwa wanaoanza kupima umri wa vimondo: ulizeni kwanza ni punje ipi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye jiolojia hapa Arusha, kila mkitaja vimondo mtaulizwa, "Vina miaka mingapi?" Jibu lililozoeleka ni miaka milioni 4,567. Msilitoe kabla hamjajua linaulizwa kuhusu sehemu ipi ya jiwe na tukio lipi.

Chukueni kipande cha Allende, kimondo kilichoanguka Chihuahua, Mexico, tarehe 8 Februari 1969. Kikikatwa na kusuguliwa hadi kikalainika, kitazameni kwa lenzi. Mtaona unga mweusi ulioshikamana, na ndani yake viduara vya kijivu vinavyoitwa kondruli, matone ya mwamba yaliyoyeyuka yakiwa yanaelea angani kisha yakaganda. Kati ya viduara hivyo kuna mabaka meupe yasiyo na umbo maalumu, yenye kalsiamu na alumini kwa wingi. Mabaka hayo ndiyo ya kwanza kuganda katika mfumo wetu wa jua, na ile milioni 4,567 ni umri wao. Jiwe lenyewe lilikusanyika baadaye. Ukisaga kipande chote ukakipima kwa pamoja, mashine itakupa namba, ila namba hiyo si lazima iwe ya tukio lolote lililowahi kutokea.

Waliopita Oldupai wanalijua tatizo hili. Mwaka 1961 miamba ya volkano ya pale ilipewa umri wa miaka milioni 1.75 kwa njia ya potasiamu inayogeuka kuwa agoni. Majivu ya volkano huweza kubeba fuwele kongwe zilizong'olewa chini wakati wa mlipuko, na zikichanganywa na nyingine, umri unapanda. Ndiyo maana nawasihi mjifunze kuchambua fuwele moja moja, chini ya darubini, kwa miamba ya Meru na Ngorongoro ambayo ipo tele. Kimondo mkikimaliza kimekwisha.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni ya urani na risasi, ile metali; namba inayofuata jina, kama 238, inataja aina ya atomi. Urani-238 hupungua kwa nusu kila miaka milioni 4,468 na kuishia risasi-206. Urani-235 hupungua kwa nusu kila miaka milioni 704 na kuishia risasi-207. Uwiano wa risasi hizo mbili unatoa umri kamili, na kwa yale mabaka meupe watu wamefika milioni 4,567.3 kwa shaka ya milioni 0.16 tu. Ya pili ni ya alumini-26, ambayo nusu yake huisha kwa takriban miaka laki saba. Yote ilishaisha zamani. Tunachopima ni magnesiamu-26 iliyoachwa. Hii haikwambii miaka mingapi imepita hadi leo, inakwambia nani alitangulia na kwa muda gani.

Risasi ni adui mkubwa maabara. Ipo kwenye vumbi, kwenye vyombo, hata kwenye asidi mnayodhani ni safi. Clair Patterson, aliyetoa umri wa dunia wa miaka milioni 4,550 mwaka 1956, ilimbidi apambane na uchafu huo kwanza ndipo namba zake zikatulia. Kwa hiyo kila mara pimeni chombo kitupu, na matokeo yake myaandike hata yakiwa ya aibu.

Pia msirithi namba bila kuikagua. Kwa miaka mingi uwiano wa urani-238 na urani-235, unaoingia kwenye hesabu ya umri wa risasi, ulichukuliwa kuwa 137.88 kila mahali. Mwaka 2010 vipimo vya mabaka ya Allende vilionyesha kwamba unabadilika, kiasi cha kuweza kusogeza umri hadi miaka milioni tano. Kwetu sisi huo ni muda mkubwa mno, maana kisa chote tunachokifuatilia kinaingia humo.

Njia hizi mbili hazijapatana kuhusu kondruli. Alumini inaonyesha nyingi zilichelewa miaka milioni mbili hivi baada ya mabaka meupe; risasi inaonyesha baadhi zilianza wakati uleule. Huenda alumini-26 haikusambaa sawasawa. Mkikutana na mgongano kama huo, wekeni matokeo yote mezani, msifiche lisilopendeza.

Na Kimondo cha Mbozi? Msikitafutie kondruli, kwa sababu ni chuma. Vimondo vya chuma hupimwa kwa njia ya hafniamu inayogeuka kuwa tungsteni, na vingi vinaonyesha kwamba miili iliyovizaa iliyeyuka na chuma chake kuzama kitovuni mapema sana, mingine ndani ya miaka milioni moja au mbili, kabla kondraiti, yaani vimondo vya mawe vyenye kondruli kama Allende, hazijakusanyika. Zamani wengi walidhani mawe yenye kondruli ndiyo yaliyotangulia na chuma kikafuata. Mkiandika ripoti, kila umri uambatane na jina la punje, njia iliyotumika, na uwiano wa urani mliouchukua.