Diski mbili za filamu: ninunue zipi?

SWALI: Nataka kisanduku cha mtandao chenye diski mbili, runinga zote za nyumbani zisome filamu na picha kutoka humo. Dukani wananishauri diski za terabaiti 4 za bei nafuu. Nikubali?

JIBU: Uliza kwanza kama ni CMR au SMR, njia mbili za kuandika data kwenye diski. Diski ya SMR hupandanisha njia za data kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha sehemu moja hulazimu kuandika upya na za jirani; ya CMR haizipandanishi. Ukitazama filamu hutaona tofauti. Balaa huja diski moja ikifa: kuijaza mpya huweza kuchukua siku kadhaa, na kisanduku huweza kuikataa kikidhani ni mbovu. WD Red ya kawaida ya terabaiti 4 ni SMR. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR. Majina yanafanana mno, kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye lebo.

Zipange kwa RAID 1, yaani kila kitu kiandikwe kwenye diski zote mbili. Utabaki na terabaiti 4, si 8, lakini diski moja ikifa data ipo. Hiyo si nakala ya akiba! Ukifuta picha, inafutika kote papo hapo. Picha za familia zinakiliwe pia kwenye diski ya USB inayokaa nyumba nyingine.

Filamu za 4K zikikwamakwama, chunguza runinga: nyingi zina tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 tu kwa sekunde. Wi-Fi ya gigahezi 5 mara nyingi hulipita kwa kasi.

Nunua na UPS (betri ya akiba ya umeme), uiunganishe na kisanduku kwa USB ili umeme ukikatika kisanduku kijizime taratibu.